Wafamasia waruhusiwe kuchanja
Mama anayefunga genge saa moja usiku hukuta zahanati imeshafungwa, lakini famasi ya mtaani bado iko wazi, na mfamasia anamjua kwa jina na kumuuliza presha inaendeleaje. Uingereza waliliona hili mapema: tangu 2015 wafamasia wa mitaani wanachanja watu dhidi ya homa ya mafua kwa gharama ya serikali. Nasi tuanze, kwa watu wazima kwanza. Ila masharti yasilegezwe hata kidogo. Friji ya chanjo ibaki kati ya nyuzi joto 2 na 8, kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, umeme ukikatika kuwe na jenereta. Duka lisilo na mfamasia aliyesajiliwa lisiguse sindano. Wizara ya Afya itoe mwongozo, na iilipie kazi hiyo.