Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe

Ndugu wanachama, kila mchuma chai ajua ugomvi wa mizani. Karani akitazama kikapu akasema, "Hiki naona ni kilo kumi," bila kukitundika, hapana hata mmoja wetu atakayenyamaza. Twataka mizani, na twataka kuisoma wenyewe, maana jicho la karani mara nyingi huona pungufu.

Basi tumeshangaa kujua kwamba damu ya mama aliyejifungua imekuwa ikipimwa kwa jicho hivyo hivyo. Mkunga hutazama shuka, hutazama pamba na sakafu, kisha hukisia. Na jicho lake nalo huona pungufu, si kwa ubaya, bali kwa kuwa damu hunywewa na nguo na kuchanganyika na maji, na huyo mkunga pengine ana wazazi wengine watatu wanaomwita usiku huo huo.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, juu ya akina mama zaidi ya 200,000 waliozaa kwa njia ya kawaida. Katika baadhi ya hospitali hizo mama alitandikiwa shuka ya plastiki yenye mfuko, na mfuko una mistari ya kupimia kama chupa ya maziwa ya mtoto. Damu ikifika nusu lita, au hata kabla yake dalili zikiwa mbaya, hapana kungoja: tumbo la uzazi lasuguliwa, dawa ya kulikaza yatolewa, na dawa ya kusaidia damu igande, maji yatiwa mshipani, na mama atazamwa kama amechanika. Yote kwa pamoja, si moja lingoje jingine lishindwe.

Waliopatwa na hatari kubwa ya damu walipungua kwa 60 katika 100. Penye desturi ya zamani, karibu nusu ya waliovuja kupita kiasi hawakutambuliwa; penye shuka walitambuliwa zaidi ya 90 katika kila 100. Wala hapana dawa mpya hapo, ndugu. Dawa hizo zilikuwako. Kilichokosekana ni kipimo na kufanya upesi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema akina mama kama 70,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kuvuja damu baada ya kuzaa, na wengi wao ni wa nchi kama zetu.

Wako wanaosema nyumbani kwamba damu ikitoka nyingi ni njema, ni uchafu unatoka. Sivyo. Mama anayelowesha nguo moja baada ya nyingine, anayeona kizunguzungu na baridi, apelekwe hospitali wakati huo huo, wala asingojewe mume atoke kazini.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Tutailinda. Lakini katika tawi letu moja yuko mwanachama aliyeyatumia majuma yake mawili kumzika mkewe na kutafuta maziwa ya mtoto. Aliambiwa damu ni ya kawaida, na kabla ya asubuhi mke amefariki. Mkunga alikuwa mmoja zamu nzima. Hatumlaumu, naye ni mfanyi kazi kama sisi. Twawalaumu waliomwachia chumba kizima bila msaidizi wala kipimo.

Kwa hiyo wajumbe wa matawi waende kwenye zahanati ya shamba na hospitali iliyo karibu, waulize kwa adabu: Shuka za kupimia damu zipo? Dawa ya oksitosini, ambayo yataka baridi, huwekwa wapi stima ikikatika? (Vilabuni bia haikosi baridi hata siku moja.) Usiku wakunga ni wangapi? Gari la wagonjwa lina dereva na petroli? Wakijibiwa "tutaona," waandike hivyo hivyo. Majibu yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao wa halmashauri, tupate kuyaweka mezani mbele ya waajiri pamoja na madai ya mishahara.