Vua bote tuangalie: ugonjwa ambao hakuna anayeuhesabu

Wafanyakazi wenzangu, fungueni kitabu cha wagonjwa cha dispansere yo yote ya kampani. Mtasoma malaria, kikohozi, kuhara, jeraha la mkono, maumivu ya mgongo. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu mtausoma mara chache. Lakini waombeni watu wa kikosi kimoja wavue bote mwisho wa zamu, muangalie katikati ya kidole cha nne na kidole kidogo. Kwa wengi mtaona ngozi nyeupe, iliyolowa, iliyopasuka, yenye harufu. Kisha nendeni masomoni muangalie vichwa vya watoto. Kitabu kinasema ugonjwa huu ni haba. Miguu na vichwa vinasema jambo lingine, na mimi nasadiki miguu.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu anakuja kwetu siku ile ugonjwa unapomzuia kufanya kazi, na kuvu haimzuii mtu upesi. Inamwasha tu. Anajikuna, anapaka mafuta, anavaa soksi, anashuka shimoni. Miaka inapita, na yeye mwenyewe anasema: « Ndiyo miguu yangu ilivyo. » Hata huko ng’ambo wataalamu walikawia kuhesabu. Walipohesabu magonjwa ya dunia nzima ya mwaka 2010, walikuta magonjwa ya ngozi ya kuvu yanashika nafasi ya 4 kwa wingi kati ya magonjwa yote, na wenye nayo wanakaribia milioni 1,000. Ugonjwa wenye watu wengi namna hiyo hauwezi kuitwa jambo dogo kwa sababu tu hauui.

Kuvu ni ndugu wa uyoga. Ninyi nyote mnajua wakati ambapo wamama wanapanga bowa kando ya barabara ya Lubumbashi na Likasi: ni wakati wa mvua, udongo umelowa na hewa ina joto. Kuvu ya ngozi inapenda hali hiyo hiyo. Inakula ile ngozi ngumu ya juu, nywele na kucha. Kwenye mwili inafanya duara lenye ukingo mwekundu, ndiyo choa. Kichwani kwa mtoto inakata nywele na kuacha mapengo yenye magamba, ndiyo mapunye. Mba, yale mabaka meupe ya kifuani na mgongoni, ni ya kuvu nyingine, ambayo inakaa kwenye ngozi ya kila mtu na kuamka wakati wa joto na jasho. Hiyo haiambukizi, na hakuna haja ya kumwogopa mwenzako anayeoga karibu nawe.

Sasa tuseme juu ya bote, maana hapo ndipo penye shida kubwa kwetu sisi watu wa mgodi. Babu zetu waliotembea bila viatu walikuwa na funza, walikuwa na miiba, lakini kuvu hii ya vidoleni haikuwa ugonjwa wao. Ni ugonjwa wa watu wanaovaa viatu vilivyofunga. Bote ya mpira inalinda mguu, na mimi sitamwambia mtu ye yote aivue kazini; jiwe halina huruma. Lakini bote hiyo hairuhusu jasho kutoka. Chini kuna joto, kuna maji, mtu anasimama humo saa nane. Anapanda juu, anaacha bote imefungwa ndani ya sanduku lake, na kesho yake anaivaa ikiwa bado imelowa. Mguu wake haukauki tangu Jumatatu mpaka Jumamosi.

Nimewasikia wakubwa wengine wakisema ni uchafu wa wafanyakazi. Si kweli. Mtu anayeoga kila siku katika dushi ya wote, akakanyaga sakafu iliyokanyagwa na wagonjwa kumi, akavaa soksi bila kujifuta kati ya vidole, huyo ataupata ugonjwa upesi kuliko mvivu wa kuoga. Kinachotakiwa ni ukavu, na ukavu hauwezi kuletwa na mfanyakazi peke yake.

Kuna habari ya zamani ambayo napenda kila mkubwa wa mgodi aijue. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, tangu 1941 mpaka 1944, wachimbaji karibu 3,000 walishikwa na ugonjwa mwingine wa kuvu, wenye vidonda vinavyopanda kwa mstari mkononi au mguuni. Hawakuambiwa kwamba ni wachafu. Waganga walishuka chini, wakatafuta, wakakuta kuvu ile inaota juu ya miti iliyoshikilia mashimo. Miti ikatiwa dawa, wagonjwa wakapewa dawa ya iyodini, na ugonjwa ukazimika. Ile si kuvu ya vidole vyetu, lakini njia waliyofuata ndiyo ninayoiomba hapa: kuhesabu wagonjwa, kutafuta mahali ugonjwa unapotoka, kisha kutengeneza mahali hapo.

Kwetu, kila mwaka mfanyakazi anaitwa kwa vizite. Anapigwa picha ya kifua, anapimwa macho, masikio, damu. Viatu havivuliwi. Dakika mbili zingetosha! Mganga angeandika mguu mzima au mguu mgonjwa, na mwisho wa mwaka tungejua ni kikosi gani kina wagonjwa wengi, na kama ni cha mahali penye maji. Kisha naomba sehemu yenye joto na hewa ambapo bote zinatundikwa kinywa chini baada ya zamu, bote jozi mbili kwa wale wanaofanya kazi majini, na soksi za pamba. Haya si mapambo. Ule mpasuko mdogo kati ya vidole ni mlango. Vijidudu vingine vinaingia humo, mguu unavimba mpaka gotini, homa inapanda, na mtu analala hospitali siku nyingi. Hapo kitabuni tunaandika « mguu kuvimba », na kuvu iliyofungua mlango haiandikwi. Bei ya siku hizo inapita bei ya jozi ya bote.

Neno moja kwa wamama wa kambini, na kwa wababa pia, maana siku hizi nao wanapaka. Ile kreme ya sokoni ya kung’arisha ngozi mara nyingi ina klobetazoli au dawa ya jamaa hiyo. Ukiipaka juu ya choa, mwasho unatulia kwa siku chache na wewe unafurahi. Lakini dawa hiyo imelaza askari wa ngozi, na kuvu inatembea bila kuzuiwa. Duara inapoteza umbo lake, hata mganga anaweza kudanganyika. Waganga waliyapa mambo haya jina lake tangu 1968, na mpaka leo tunayaona kila juma. Mtu akija kwangu na choa, swali langu la kwanza ni: umeshapaka nini? Tafadhali leta kijichupa chenyewe, sitakukemea.

Dawa zenyewe si za ajabu. Pomadi ya Whitfield, klotrimazoli au mikonazoli inaponya vidole na choa, lakini lazima kuendelea juma mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi wanaacha mwasho ukiisha, na mwezi unaofuata wanasema dawa ni ya bure. Mapunye ni jambo lingine: kuvu imeingia ndani ya mzizi wa nywele, pomadi peke yake haifiki. Mtoto anahitaji vidonge vya griseofulvini kwa juma sita mpaka nane, na ndugu zake wanaolala naye waangaliwe pia. Hesabu zilizokusanywa katika masomo ya nchi nyingi za Afrika zinaonyesha karibu mtoto 1 kati ya 5 ana mapunye. Bwana kinyozi, mashine yako ioshwe na kutiwa dawa baada ya kila kichwa. Na ninyi walimu, msimfukuze mtoto huyo. Mleteni dispansere, aanze dawa, arudi darasani.

Baka jeupe likikaa mahali pamoja, na ukiligusa kwa uzi wa pamba husikii kitu, hilo si mba. Linaweza kuwa ukoma, ambao bado uko katika inchi yetu na unapona kwa dawa zinazotolewa bure. Usingoje vizite ya mwaka, njoo siku hiyo hiyo.

Komite ya usalama na usafi inakutana tena robo hii. Ninawaomba wadelege wa kila kikosi wapeleke huko jambo la mahali pa kukaushia bote, na kabla ya kwenda wahesabu wenyewe: watu wangapi kikosini, na miguu mingapi imepasuka.