Tusiikanyage Mali Yetu: Neno kwa Ndugu wa Nyegezi

Mtu apitaye Nyegezi asubuhi, akatoka stendi ya mabasi kushuka upande wa ziwani, huikanyaga mali bila kujua. Hukanyaga chenga za mkaa zilizomwagwa mbele ya vibanda vya wauza mkaa. Hupita kando ya magunzi ya mahindi, pumba za mpunga na maranda ya maseremala. Na hapo hapo humkuta mama amesimama na fedha yake mkononi, ananunua mkaa wa kopo wa kupikia chakula cha siku moja. Kesho atarudi. Mkaa ule umetoka mbali, umepita tanurini, ukapanda lori, ukalipiwa njiani, ukabebwa na kupimwa mara nyingi, na gharama zote hizo zimo ndani ya kopo lile. Huyu aliye maskini kuliko wote ndiye anunuaye moto kwa bei ya juu kuliko wote, maana kopo kwa kopo, gunia la mkaa humgharimu zaidi kuliko yule awezaye kulinunua zima.

Sisi twasema kwamba jambo hili si dogo, wala si la jikoni peke yake. Ni jambo la siasa. Nchi iliyotangaza kujitegemea katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 haiwezi kujivuna mbele za watu huku nyumba zake zinashindwa kujipatia moto wa kuchemshia uji. Kujitegemea kwaanzia mafigani.

Kwanza tuitazame hasara yenyewe. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kisha mkaa huo huo, katika kushindiliwa, kusafirishwa na kumwagwa, sehemu yake ya kumi au zaidi husagika ikawa chenga. Basi tunaukata mti, tunapoteza sehemu kubwa yake tanurini, na kile kidogo kilichobaki tunakimwaga tena mtaroni. Mvua ikija, vilima vyetu vya mawe havinywi maji. Maji huteremka kwa nguvu, yakachukua chenga, taka na udongo mpaka ziwani. Na ziwa hilo ndilo linalotupa maji ya kunywa, sangara, sato na dagaa. Gugumaji lililoonekana ndani ya Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilistawi hasa kwa sababu tumelilisha uchafu wetu.

Dawa ya jambo hili ipo, na haitaki digrii ya chuo. Ni kutengeneza makaa mbadala kwa mikono yetu, kwa kutumia kile tunachokitupa. Tutaeleza kazi yenyewe, maana tahariri isiyoonyesha njia ni kelele tu.

Chukua pipa la chuma la lita 200 ambalo halikuwa na sumu. Toboa matundu chini, uliweke juu ya mawe matatu, ulijaze magunzi makavu au vifuu. Washa. Moshi wa kwanza utakuwa mzito na mweupe. Ukianza kuwa mwepesi, ziba matundu ya chini kwa udongo, funika juu kwa bati, ziba tena kwa udongo mbichi, moto ukose hewa. Acha mpaka kesho yake. Usifungue kwa pupa, maana hewa ikiingia ungali moto, utavuna majivu. Plastiki usiitie kamwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani. Mwenye chenga za mkaa tayari hana haja ya kazi hii ya pipa. Yeye achekeche mchanga na mawe tu, kisha atwange.

Unga huo mweusi ukiwa kilo 100, pika uji mzito kwa unga wa muhogo kilo 4 hadi 8. Yafaa utumie unga uliokwisha kuharibika, kusudi tusichukue chakula cha watoto. Changanya mpaka ukifumbata tonge lishikane. Finyanga kwa mkono, au shindilia kwa bomba na mti, au kwa mashine ya kuzungusha ikiwa mnayo. Anika juu ya chanja siku 3 hadi 5 za jua kali, ukigeuza. Ndugu zetu wanaoanika dagaa wanajua tofauti ya chanja na mchanga. Kisha jaribu. Liachie tonge kavu lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipande vipande, uji haukutosha au halikukauka. Likiwaka na kuacha majivu mengi mno, ulichanganya udongo au hukuchekecha vizuri.

Tena tuseme ukweli wote. Makaa haya, kama mkaa mwingine wowote, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu asilale na jiko ndani, hata dirisha likiwa wazi. Muuzaji mwema humwambia mteja wake habari hiyo bila kungoja kuulizwa.

Mnunuzi ni nani? Yupo mlangoni. Yupo mama lishe wa stendi, ambaye sufuria yake ya maharage yataka moto wa taratibu wa saa nyingi. Yupo mchoma samaki. Yuko mfuga kuku, ambaye vifaranga vyake vyataka joto usiku kucha lisilopanda na kushuka. Wako wanafunzi waliopanga vyumba upande wa Malimbe kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na wale wa chuo cha uvuvi hapo hapo Nyegezi. Hawa wote wanunua mkaa leo. Hatuna haja ya kuwatafuta wateja Ulaya.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kusema na wanachama wetu kwa ukali kidogo. Adui wa kazi hii si ukosefu wa mashine. Adui ni tabia ya kungoja. Nani kati yetu asiyeijua hadithi ya kikundi kilichozaliwa siku ya semina? Mfadhili alikuja, watu wakapewa posho, picha zikapigwa, mashine ikafunguliwa kwa shangwe. Mfadhili alipoondoka, nati moja ikakatika, na mashine imelala mpaka leo ikiota kutu. Watu wale hawakushindwa kununua nati. Walishindwa kwa sababu jambo lile halikuwa lao tangu mwanzo. Kikundi kilichoanza na pipa moja na kinu, kikauza magunia matatu kwa jasho lake, kikinunua mashine kitaitunza kama mboni ya jicho.

Adui wa pili ni daftari lisiloandikwa. Tuchukue mfano. Tuseme kikundi kimetumia shilingi 40,000 kwa chenga, unga, mifuko, usafiri na malipo ya watu waliofinyanga, kikapata makaa makavu kilo 90. Kila kilo imekigharimu kama shilingi 445. Wakiuza kilo kwa 400 ili kuvuta wateja, watauza sana, watacheka sana, na mwezi wa tatu watafunga. Na kosa kubwa zaidi ni lile la kutohesabu jasho la wafanyakazi, ati kwa kuwa wao ni wenye kikundi. Jasho lisilohesabiwa ni mkopo ambao mwenyewe atakuja kuudai kwa hasira. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wakitania.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa na mtu kazi ya pamoja. Zamani vijana walilima mashamba kwa vikundi chini ya nsumba ntale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa, wakaweka wapimaji wao wenyewe waitazame mizani ya wanunuzi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo: mtu mmoja na mizani yake. Kutoka hapo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinunua pamba ya wakulima. Lakini tusifiche upande wa pili. Ushirika ule ulipokua, wako waliougeuza ukawa shamba lao. Malalamiko yalizidi, Serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1966, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchini kote. Funzo ni moja: mizani ya haki ndiyo iliyoujenga ushirika, na mizani ya hila ndiyo iliyoudhoofisha. Kikundi cha makaa cha watu 8 ni ushirika pia, na kanuni ni ile ile.

Na asiyeamini kwamba vidogo hukua, na apande basi hapo hapo Nyegezi aende Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imekauka hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha desturi ya zamani ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike, nyasi na miti ijiotee. Mradi ulipoanza, ngitili zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kupita hekta 300,000. Hazikuwa msitu wa bwana mkubwa. Zilikuwa vipande vya nyumba hii na kijiji kile, vilivyohesabiwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako wasemao: “Mambo ya makaa yamepitwa, sasa ni gesi na umeme.” Hao hatuwapingi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Twauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama wa kopo aliyeko kibandani leo hana fedha ya kuujaza mtungi kwa mara moja, na watoto wake hawawezi kungoja mwaka 2034 ndipo wale. Atakayepunguza mkaa wa miti leo, akaweka akiba, ndiye atakayeununua mtungi kesho. Tena yatupasa kuwa macho. Mtu akikata mti ili autwange na kuuita makaa mbadala, huyo ametudanganya, naye afichuliwe.

Wala kazi haiishii jikoni. Nyumba yenye paa la bati la meta 5 kwa 8, mvua ya milimeta 20 ikiinyeshea, humwaga lita 800 za maji, yaani ndoo 40. Mfereji wa bati na pipa vyatosha kuyadaka mengi ya hayo, badala ya kuyaacha yachimbe korongo mbele ya mlango. Maji hayo hunywesha mchicha uliopandwa katika viroba vilivyojazwa mboji ya maganda na mabaki ya sokoni. Kilichobaki huuzwa kwa jirani. Nyumba ya namna hii imepunguza matumizi mara tatu kabla haijatafuta mapato mapya.

Sasa twataka nini? Twawataka wanachama wa kila tawi la Nyegezi, Butimba, Mkolani na Luchelele wasiitishe mkutano mwingine wa hotuba kabla hawajaita mkutano mmoja wa kazi: pipa, kinu, chekeche, daftari. Twawataka wauza mkaa wasimwage chenga bali wazikusanye gunia kwa gunia, maana nao watalipwa.

Twaitaka Halmashauri ya Jiji itimize wajibu wake. Sheria yataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro nyingi, zikiwamo fedha zilizokwenda kwa vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Basi ikatolewe kwa waliokwisha kuonyesha kazi, wala isiwe kwa shemeji na binamu za viongozi. Na kiongozi wa chama atakayeunda kikundi hewa ili ale fedha hizo ajue kwamba amemwibia yule mama wa kopo, na wanachama wana haki ya kumtaja kwa jina lake mkutanoni. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mwanza. Vikundi viende huko kuuliza habari za mashine wakati wa mashine ukifika, si kabla.

Ndugu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chenga hizo ziko chini ya miguu yetu. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kulalamika mahali popote, chukua kiroba, uiname, uziokote.