Jiwe lililotoka chini ya jembe



Wale waliokuwa kwenye mkutano wa wiki mbili zilizopita wanakumbuka yule mama wa kikundi cha shamba la pamoja aliyefika amebeba mgongoni kitu kizito ndani ya kitenge. Tulidhani ni mtoto. Alipofungua, tukaona jiwe. Alikuwa analima pa kupanda maharagi, jembe likagonga, akachimba kando kando mpaka likatoka. Jiwe pana, urefu wake kama mkono toka kiko hadi vidole, na katikati lina bonde laini kabisa, laini kama kiganja cha mtu aliyefua nguo miaka mingi.

Maneno yakawa mengi. Mmoja akasema ni jiwe la mizimu, lirudishwe lilipotoka kabla ya usiku. Mwingine akasema livunjwe, kokoto inauzwa. Ndipo bibi mmoja, ambaye mara nyingi anasinzia tukianza kusoma hesabu za kikundi, akacheka: "Ninyi hamujui urusyo? Mama yangu alisagia ulezi juu ya jiwe kama hili. Na ingasire yake iko wapi?" Akatueleza kwamba kuna jiwe la chini na jiwe dogo la juu la kushika kwa mikono miwili, na kwamba aliyelima pale arudi kutafuta lile dogo, maana havikai mbali.

Mimi kama mwalimu nikafurahi kupita kiasi. Nikasimama nikasema: siku ya posho nitatuma watoto wote wa darasa la sita wapande kwenye vilima, kila mmoja alete kitu cha zamani atakachookota. Mama mmoja nyuma akainua mkono. "Mwalimu, wangu hatakwenda. Kule juu watu wa bunduki walilala miezi. Munajua walichoacha?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Nilitaka ardhi inimeze. Mimi niliyesoma ISP, niliyefundishwa namna ya kutayarisha matembezi ya darasa hatua kwa hatua, sikuwa nimefikiri jambo ambalo kila mama wa Kitshanga analifikiri kabla hajamtuma mtoto kutafuta kuni. Jiwe la zamani halilipuki. Lakini mtoto anayetafuta jiwe la zamani ataokota pia chuma asichokijua. Basi matembezi ya watoto nimeyafuta. Nini tulifanya badala yake nitasema chini. Kwanza niwapeleke Ishango.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipata nafasi ya kufika huko, tukipitia Beni na barabara ya Kasindi, halafu kuteremka mpaka kwenye ziwa Eduardi. Ishango ni mahali mto Semliki unapotoka ndani ya ziwa, katika Parki ya Virunga, jimbo letu hili hili la Kivu ya Kaskazini. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa. Nilikuwa nimesoma juu ya Thimlich Ohinga, kule Migori katika Kenya, ambako watu wa zamani walipanga mawe bila simenti wala udongo mpaka ukuta ukapita kimo cha mtu, na mwaka wa 2018 UNESCO ikauandika katika mali za dunia nzima. Nikadhani Ishango nitakuta ukuta wa namna ile. Nikakuta mteremko wa udongo, majani, upepo wa ziwa, na viboko chini majini wakipiga kelele kama wazee wanaogombania kiti. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo: "Tumetoka mbali hivi kwa ajili ya majani?"

Lakini chini ya majani yale palikuwa na kijiji.

Mwaka wa 1950 Mbelgiji mmoja, mtaalamu wa mawe na udongo, Jean de Heinzelin, alichimba pale. Alikuta vitu vya watu walioishi kwa uvuvi: mifupa ya samaki mingi sana, ncha za mikuki ya kuvulia zilizochongwa kwa mfupa zikiwa na meno kama ndoana, vipande vya jiwe jeupe la kwarzi vilivyokuwa visu vyao, na mawe ya kusagia. Ndiyo, mawe ya kusagia. Juu ya makazi yale yalikuja kulala udongo na majivu ya volkano, kama blanketi. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa majivu ya volkano ni nini.

Mwanzoni walidhani watu wale waliishi miaka kama elfu nane hivi iliyopita. Wengine walipokuja kupima upya, miaka ikapanda kufika 20 000 na zaidi. Na si mwisho. Pale Katanda, karibu tu kwa kufuata Semliki, watafiti Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walichimba miaka ya 1980 wakakuta ncha nyingine za mfupa pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na walipotangaza umri wake mwaka wa 1995 walisema kama miaka 90 000. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wanaamini akili ya kutengeneza chombo cha namna ile ilianza Ulaya, tena nyuma sana ya hapo. Kumbe mtu alikuwa amekaa kando ya mto wetu, akajua kambale anakaribia ukingo majira gani, akamchongea mkuki wenye meno ili asiteleze. Mwanamke anayeuza kambale sokoni asidhani kazi yake ni ya jana.

Sasa kile kitu kilichofanya jina la Ishango lijulikane duniani. Ni kimfupa cha mnyama, urefu wake kama sentimeta 10, na kwenye ncha moja kimechomekwa kipande cha kwarzi, kama kalamu. Juu yake mtu alikata alama kwa kisu cha jiwe, kwa mistari mitatu, na alama zimepangwa kwa mafungu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Wa pili una 11, 21, 19 na 9. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisheni wenyewe, au mumpe mtoto ajumlishe: wa kwanza 60, wa pili 60, wa tatu 48. Mimi nimeandika namba hizi ubaoni mara nyingi, sisemi neno, naacha watoto watazame. Kila mwaka kuna mmoja anayeinua kidole: "Mwalimu, 3 na 6, 4 na 8, ni mara mbili!" Na mwingine anaona kwamba 21 ni 20 na moja juu, 19 ni 20 ukitoa moja. Mara nyingi huyo ni msichana. Sitasema jina lake wala la mama yake, ambaye alitaka kumtoa shuleni baada ya darasa la sita kwa sababu, alisema, hesabu za nini kwa mwanamke. Mama huyo anasoma ukurasa huu. Tutaonana.

Kilikuwa cha nini? De Heinzelin alifikiri mwenye mfupa alikuwa anacheza na namba. Mmarekani Alexander Marshack akatazama alama vizuri akasema hapana, anahesabu mwezi wa mbinguni: 60 ni kama miezi miwili, 48 ni kama mwezi mmoja na nusu. Wengine wanasema ni alama za kusaidia mkono usiteleze tu. Hapo akaja mwanamke, mwalimu wa hesabu, Claudia Zaslavsky, akauliza swali ambalo wanaume hawakuuliza: ni nani katika nyumba anayehitaji kuhesabu siku za mwezi mmoja baada ya mwingine?

Niliposoma swali hilo nilikuwa bado msichana, nikacheka kidogo nikapita. Lilinirudia mwaka wa 2023. Vita ilipofika Kitshanga mwezi wa kwanza, tulikimbia na tulichoweza kubeba, mpaka Sake, halafu mpaka kwenye kambi kando ya Goma. Nilikuwa na mimba changa. Karatasi ya kliniki ilibaki nyumbani. Simu haikuwa na moto. Kambini siku zote zinafanana: foleni ya maji, foleni ya unga, mvua juu ya bashi. Baada ya muda sikujua tena kama nina miezi mitatu au minne. Nilikuwa na mwiko mmoja niliokimbia nao, nikachukua kisu nikaanza kukata alama kwenye mpini: kila asubuhi alama ndogo, kila siku ya Mungu alama ndefu. Mwanamke wa kijumba cha jirani akaona, akaanza na yeye, kwenye nguzo ya mlango wake. Siku muuguzi aliponiuliza mimba ina wiki ngapi, nilitoa mwiko ndani ya kitenge nikahesabu mbele yake.

Mtoto yupo, anakimbiza kuku. Mwiko tunasongea bugali mpaka leo. Siwezi kuapa kwamba mfupa wa Ishango ulikuwa wa mwanamke mwenye mimba. Ila anayesema haiwezekani hajakaa kambini.

Huo mfupa hauko Ishango, wala Goma, wala Kinshasa. Uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe, ndani ya kioo. Watoto wa Ubelgiji wanapelekwa na walimu wao kuutazama. Wa kwetu wanauona kama mimi ninavyouchora kwa chaki. Linanichoma, sifichi. Mwingine ananiambia afadhali uko huko, ungebaki hapa ungekuwa umekwisha kuungua. Sina jibu la haraka kwa maneno hayo, lakini sipendi namna yanavyotoka mdomoni kwa urahisi.

Sasa matembezi yetu. Siku ya posho tulikwenda wamama kumi na mmoja, bila mtoto hata mmoja, pamoja na mzee anayejua historia ya kilima kile, na baada ya kuomba ruhusa kwa chefu wa kijiji. Tulifuata njia za miguu na mashamba yanayolimwa tu. Hatukuingia porini. Tulianzia pale jiwe lilipotoka. Mzee alituonyesha mvumu mkubwa akasema, pahali penye mvumu peke yake katikati ya shamba, ujue palikuwa lupango la watu, maana haukuota, ulipandwa. Chini yake tuliona mafiga matatu yamezama nusu, na vigae vya chungu vyenye mistari iliyochorwa kwa kitu kama kijiti. Bibi yetu wa urusyo aliviokota kimoja kimoja, akitafuta mdomo wa chungu, akisema hiki kilikuwa cha maji, hiki cha pombe. Mimi niliokota jiwe jeusi lenye matundu nikatangaza kwa sauti kwamba ni mavi ya chuma, watu walifua chuma hapa. Bibi akalipima mkononi, akanirudishia. "Ni jepesi. Ni la volkano. Baba yangu alikuwa mfuaji." Wamama walicheka mpaka tukafika chini.

Tukirudi tulipita karibu na Mungote. Nikawaza atakayechimba pale baada ya miaka elfu atapata nini: makopo ya mafuta, vipande vya bashi, mafiga matatu matatu kwa mistari mirefu, karibu karibu, bila mvumu. Atajua kwamba waliopika pale hawakukusudia kukaa.

Kwa wanaolima, basi, tumekubaliana hivi. Jembe likigonga jiwe lenye bonde, kigae chenye michoro au mfupa, musivunje na musiuze. Kumbukeni lilipotoka, tena lilikuwa na kina gani, maana jiwe bila mahali pake ni nusu ya habari, kisha mupashe habari kwa chefu na kwa mwalimu. Kuna sheria ya nchi ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 ya kulinda vitu kama hivi, na aliyevikuta kwa bahati anapaswa kujulisha serikali. Mukikuta mifupa ya mtu, funikeni tena na mumwite mzee. Na jembe likigonga chuma, chuma chochote, cha mviringo, chenye mkia, chenye kutu, hata kama kinafanana na sufuria: mukono usiguse. Acheni jembe hapo hapo, rudini kwa nyayo zenu, wekeni alama mbali, mujulishe. Watoto muwaambie leo jioni, si kesho.

Jiwe lenyewe liko kwa mama aliyelikuta. Nilitaka liwekwe darasani, juu ya meza, watoto walitazame. Alikataa. Ingasire ilipatikana, hatua tatu tu kutoka pale, kama bibi alivyosema, na ameanza kusagia soya ya uji wa mjukuu wake. Tumepatana kwamba darasa la sita litakwenda kwake, uwanjani, siku ya nne saa nane, wapime bonde kwa rula na kuandika. Kila mtoto alete kopo la soya, atasaga mwenyewe.