Koti la Silika na Neno "Salama"

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuunda istilahi za sayansi ya vitu vidogo mno. Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov kutokana na kazi yao juu ya nukta za kwanta. Hizi ni chembe za upana wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Zikimulikwa hung'aa, na rangi yake hufuata ukubwa wake: katika zile za kadimi selenidi, ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa hutoa mwekundu.

Je, jambo hili lauhusu nini mji wa Kerugoya? Katika kaunti hiyo hiyo ya Kirinyaga yamo mashamba ya mpunga ya Mwea, yanayopata maji kutoka mito ya Thiba na Nyamindi. Maji hayo huleta riziki. Lakini pia huwatunza konokono wanaoeneza kichocho cha utumbo. Kipimo kilichozoeleka ni kutafuta mayai ya minyoo katika kinyesi kwa hadubini. Mayai yakiwa machache, mgonjwa huweza kuambiwa kwamba hana ugonjwa. Nukta za kwanta zikiunganishwa na kingamwili inayomtambua kimelea, mng'aro wake waweza kufichua kilichojificha. Kwa sasa hicho ni chombo cha maabara za utafiti, na huu ndio wakati wa kukitafutia maneno.

Tatizo ni kwamba kadimi ni sumu inayodhuru figo. Ndiyo maana wanakemia huzivika chembe hizo koti la silika, madini yaliyomo katika mchanga na hata katika maganda ya mpunga. Koti hilo huzuia kadimi isivuje, tena huwa mahali pa kushikizia kingamwili. Hata hivyo, sumu haikuondolewa, imefungiwa ndani. Mwaka 2004 Derfus, Chan na Bhatia walionyesha kwamba chembe za kadimi selenidi zikioksidishwa huweza kuua seli za ini, na kwamba kuzifunika hupunguza madhara hayo.

Hapa ndipo kazi ya lugha inapoanza. Wanasayansi husema chembe hizo zina "sumu kidogo". Mfasiri mwenye haraka ataandika "salama". Tofauti hiyo si ya mapambo. Mkulima wa Mwea anayeombwa idhini ana haki ya kujua kama chembe hizo zitachanganywa na damu yake ndani ya kichupa, au zitadungwa mwilini mwake. Katika hali ya kwanza mwili wake haukutani na kadimi, na swali kubwa ni taka za maabara zitatupwa wapi, zisije zikaishia katika mifereji ya mpunga. Katika hali ya pili swali ni la figo na ini lake. Neno "salama" hufuta maswali yote mawili.

Wapo wanaodai kwamba istilahi za namna hii zaweza kusubiri, kwa kuwa Kiingereza kinatosha maabarani. Dai hilo linamsahau anayepimwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilikwisha kuonyesha kwamba kazi hii yawezekana.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuketi na wanakemia, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga kilichoko Kutus, wapendekeze "nukta ya kwanta", "koti la silika" na "sumu iliyopunguzwa", kisha wayapime maneno hayo kwa wakulima wenyewe kabla ya kuyaingiza kamusini. Istilahi njema haiishii kuusifu mkakasi. Humwambia mtu pia kilichomo ndani.