Spiriti Ndani ya Sabuni

Tangu maradhi ya korona yalipotufikia mwaka 2020, wako wanaomimina spiriti katika chupa ya sabuni ya maji, kwa imani kwamba dawa mbili zikiungana nguvu yake huongezeka. Fedha ya spiriti si haba, kwa hiyo yafaa tuichunguze imani hiyo.

Kila chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Zikiwa chache majini, hutangatanga moja moja. Zikifikia kiasi fulani, hukusanyika kuwa vitonge visivyoonekana kwa macho, mikia ndani, vichwa nje. Kwa sodiamu lorili salfeti, iliyomo katika dawa nyingi za meno, kiasi hicho ni gramu 2.3 hivi kwa lita moja ya maji. Mafuta ya sahani hujificha katikati ya mikia hiyo, yakachukuliwa na maji.

Alkoholi iliyomo katika spiriti ni rafiki wa maji na ni rafiki wa mikia pia. Ikiwa tone tu, haidhuru. Hata viwandani hutiwa kidogo, kwa kipimo, ili sabuni ya maji isigande. Lakini ikizidi, mikia haina tena sababu ya kujificha. Vitonge huhitaji sabuni nyingi zaidi ili viundwe, na spiriti ikikaribia nusu ya mchanganyiko huenda visiundwe kabisa. Povu nalo huanguka. Ukitaka kushuhudia, tikisa maji ya sabuni katika chupa mbili, moja ukiwa umeitia spiriti nyingi, kisha zitazame.

Je, spiriti yenyewe inasalimika? La hasha! Kitakasa mikono chahitaji alkoholi isiyopungua asilimia 60. Spiriti ya asilimia 70, ikichanganywa nusu kwa nusu na sabuni ya maji, hubaki na asilimia 35 hivi. Basi mama aliyenunua vitu viwili hana hata kimoja kilicho kamili.

Mikono yenye masizi au mafuta ioshwe kwa sabuni na maji. Spiriti ya kutakasia, ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ipakwe peke yake juu ya mikono mikavu, iachwe ikauke. Na chupa iliyokwisha kuchanganywa isikae karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto.