Vigae Vina Kabati, Watu Je?

Wapo wajuao kusifu Uchina ya kale tu. Akitajwa Mchina katika historia ya Pemba, mara hukimbilia Ras Mkumbuu, kwenye makaburi ya nguzo yaliyopata kupambwa kwa mabakuli ya Kichina. Kisha huvuka hadi Kajengwa, kule Makunduchi, zilikofukuliwa sarafu za enzi ya Song. Vigae vimechunguzwa, vimeandikiwa, vimewekewa kabati. Ni vyema. Lakini bakuli halikuugua, halikuoa wala halikudaiwa.

Mchina aliyenunua majongoo bahari kwa wavuvi wa visiwa hivi, tangu kabla ya Mapinduzi, yakachemshwa na kukaushwa yapelekwe kwao (huku hayaliwi!), hana kabati. Daktari wa jimbo la Jiangsu hana pia, ingawa timu ya kwanza ilitua Zanzibar mwaka 1964, na walioifuata wamepokezana hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Wataalamu wa jimbo hilohilo ndio waliozunguka vijiji vya Pemba kuanzia 2017 wakisaka madimbwini konokono wa kichocho. Waliotibiwa nao wapo, wanazeeka. Nani aliyewauliza neno?

Jawabu huwa tayari: Wachina wa hapa ni wachache, tena wapita njia. Hoja nyepesi kuliko usufi. Makumbusho ya Wachina wa Marekani, New York, yalianza mwaka 1980 kwa watu wachache waliookota jalalani mabango ya maduka na vyombo vya wazee. Januari 2020 moto ulilishika jengo lililohifadhi hazina hiyo, na sehemu kubwa ikaokolewa. Disemba ya mwaka huohuo Beit al Ajaib ikaporomoka upande mmoja, Unguja. Visiwa hivi, basi, havina uso wa kumcheka atunzaye makaratasi.

Wala halihitajiki jumba. Jadida, mtaa wa Wete ambao jina lake lenyewe maana yake ni mpya, chumba kimoja chatosha: mizani ya mnunuzi wa majongoo, cheti cha hospitali, sauti za wavuvi, picha zenye majina nyuma yake. Na waliopunjwa bei, kama wapo, nao wasikilizwe. Makumbusho yatakayosifu urafiki wa serikali mbili peke yake yatakuwa ubao wa matangazo. Kabla ya chumba, kinatakiwa kinasa sauti na mtu mwenye subira ya kukaa barazani na wazee, mwaka huu.